Mpini katika Chungu cha Sita

Mkaguzi wa mabomba alikuwa na kanuni moja: hatii sahihi kwenye jambo asiloliona kwa macho yake. Aliishika kazini miaka thelathini, na alipostaafu akaja nayo nyumbani, tena bila kuipunguza makali.

Mvua ilipoangusha mti wa franjipani alioupanda marehemu mkewe, yakapona matawi sita tu. Binti yake akayaweka kivulini wiki nzima mpaka utomvu ukakauka, akayachomeka kwenye vyungu sita vya mchanga.

“Sasa usiyaguse, Baba.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka yatoe majani.”

“Na mizizi nitaionaje?”

“Huioni. Unasubiri.”

Jibu hilo halikumwingia akilini. Binti aliporudi kwake, Mkaguzi akawa kila asubuhi anavaa miwani, anang’oa tawi moja moja, analichungulia kitako, analirudisha mchangani na kuandika daftarini: “Mizizi hakuna.” Siku moja akaandika: “Vinyuzi viwili, vimekatika. Chanzo hakijulikani.” Kisha akatia sahihi.

Binti alipokuja kumjulia hali, matawi matano yalikuwa yameoza, laini kama ndizi iliyopitiliza.

“Baba, unayaua!”

“Nayakagua, mwanangu.”

“Hiki ndicho kilichobaki cha mama!”

“Ndiyo maana nakagua sana.”

Baba alipoingia ndani kutafuta kalamu, binti akalichukua tawi la sita, akalifunga kwenye kanga, na mahali pake akachomeka mpini wa jembe uliopauka kwa jua.

Mkaguzi aliukagua mpini ule asubuhi kumi na tisa. “Mizizi hakuna, ila shina imara,” aliandika. “Halilegei. Limemfuata mke wangu kwa ukaidi.” Akaanza hata kulisalimia.

Siku ya ishirini akaja kaka wa marehemu.

“Shemeji, mpini wa jembe langu umeuzika wa nini?”

“Mpini gani? Hilo ni tawi la dada yako.”

“Na hili tundu la msumari?”

“Jicho la chipukizi hilo.”

“Chipukizi lina kutu, shemeji?”

Mkaguzi akainama, akanusa. Kutu kweli. Akalifungua daftari na kuzitazama sahihi zake kumi na tisa, zote nzuri, zote chini ya taarifa za mpini. Akakumbuka siku aliyoingia ndani kutafuta kalamu, akamwacha binti peke yake na vyungu. Alivaa viatu, akaenda kwa binti yake.

Tawi lilikuwa barazani, na majani mawili mabichi. Mkono wake ukatangulia.

“Mikono nyuma, Baba,” binti akasema, akasimama katikati.

Akaiweka mikono nyuma.

Kuchunguza kila saa si uangalifu. Ni kutoamini kulikovaa miwani. Kulimgharimu Mkaguzi matawi matano ya mti wa mkewe, na la sita linaota kwenye nyumba isiyo yake, ambako haruhusiwi kuligusa.