Jani Lililofunga Picha

Mwaka ule nilikuwa nachapa kumbukumbu za mama mmoja Mwingereza, mwandishi wa riwaya na mtaalamu wa historia ya sanaa, aliyepanga nyumba jirani na kwetu Mwika. Yeye anasimulia, mimi nachapa, na moyo unanienda mbio utadhani maisha ni yangu: alivyoacha kazi ya makumbusho ili aandike, riwaya ya kwanza ikakataliwa kila alikoipeleka, akarudi kufundisha picha za kale huku akiandika ya pili. Aliniambia kwenye picha hakuna kitu kinachowekwa bure. Limau lina maana, glavu ina maana. Nilimwamini kabisa.

Mimi nami nilikuwa na langu. Harusi yangu ilibaki mwezi mmoja, na baba na baba mdogo walikuwa hawasemeshani, mwaka wa sita huo, kisa mpaka wa kihamba, shamba la migomba na kahawa walilogawiwa na babu. Kila mmoja alidai mwenzake amesogeza masale, ile mimea ya majani marefu tunayopandia mipaka. Baba mdogo ndiye aliyenibeba mgongoni hadi zahanati nilipovunjika mguu. Kuolewa bila yeye sikutaka hata kufikiria.

Siku moja yule mama alichora mpaka wenyewe, amekaa upande wetu. Picha ikampendeza, akaamua kumpelekea baba mdogo zawadi. Akaikunja, akakosa uzi, akachuma jani la sale, akaifunga na kupiga fundo. Mimi nilikuwa Himo kununua kitambaa. Baba mdogo alipofungua mlango, akaambiwa kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Imetoka kwa kaka yako." Yule mama alitaka kusema imechorwa kutoka upande wa kaka yake.

Kwetu, jani la sale lililopigwa fundo ni kuomba msamaha, na anayeletewa hakatai.

Niliporudi nilimkuta baba mdogo uwanjani kwetu, kofia mkono mmoja, jani mkono wa pili. Yule mama alikuwa nyuma yake, hana raha.

"Nimesema nini?" akaninong'oneza.

Nikamweleza. Akaziba mdomo. Miaka yote ya kusoma limau na glavu, kumbe jani likampita hivi hivi. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na zaidi ya yote nilitaka baba asiseme ukweli.

Baba akatokea zizini na ndoo ya maziwa. Akalitazama jani, akamtazama yule mama, akanitazama mimi. Alijua hakutuma kitu.

"Shikamoo, kaka," baba mdogo akasema. Miaka sita sikuwa nimeisikia. "Nimelipokea."

Baba akaweka ndoo chini polepole.

"Marahaba," akasema. "Nimechelewa kulituma, mdogo wangu."