Barua ya Msitu na Mstari Niliouruka

Ilianza Alhamisi, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Najua kwa sababu nilikuwa naangalia saa ya jikoni, nikingoja madam aamke aitishe chai. Tulikuwa ghorofa ya tatu, mtaa wa Malaz, Riyadh, na Ramadhani ilikuwa imebakiza wiki tatu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Mpishi aliingia, akarudisha mlango polepole, akanipa simu yake.

"Mole, wewe umesoma. Nisomee hii. Usiruke kitu."

Mole ndivyo kwao Kerala, kusini mwa India, mama anavyomwita binti. Mimi nilimwita chechi, yaani dada mkubwa, ingawa angeweza kunizaa. Tulilala chumba kimoja nyuma ya jiko na tukaongea Kiarabu cha kuokoteza, ambacho hapa nakiandika kwa Kiswahili kwa sababu chenyewe kingewachekesha Waarabu.

Kwenye simu kulikuwa na picha ya barua ya Kiingereza, yenye muhuri wa idara ya misitu ya jimbo lao.

Habari za msitu wa kwao nilikuwa nazijua. Jioni nyingi, tukichambua mchele, chechi alinisimulia kijiji chao kilicho ndani kabisa ya hifadhi. Marehemu mumewe alikuwa kibarua wa idara, kazi yake kufyeka njia za kuzuia moto kiangazi. Alisema zamani serikali ilikata mianzi ikapanda misaji, kwa sababu misaji ina mbao nzuri. Sasa tembo hawali misaji, kwa hiyo wanakuja kula mafenesi ya watu.

"Wanagonga mlango?" nilimuuliza siku moja.

"Wa kwetu hawana adabu hiyo. Wanaondoka na mlango."

"Kwetu msitu umezungushiwa waya wa umeme."

"Basi tembo wenu ni wajinga. Wetu wanaangusha mti juu ya waya, halafu wanapita." Akacheka mpaka mchele ukamwagika.

Watu wa nje wakisoma hivi watadhani alimchukia tembo. Hapana. Alikuwa na picha ya mmoja kwenye simu, ameiweka mahali ambapo wengine huweka picha ya mchumba.

Ila alikuwa amechoka kufikia kwa kaka yake kila akirudi kwao, na kupika katika majiko ya watu. Serikali ya jimbo ilikuwa na mpango wa kuwatoa kwa hiari watu wanaoishi ndani ya hifadhi, wanyama wabaki na nafasi yao. Anayekubali anapewa kiwanja nje ya msitu, karibu na barabara. Na katika mpango huo kila mtu mzima anahesabiwa kama nyumba yake, hata mjane. Chechi alikuwa ameshachora hicho kijumba nyuma ya kalenda: mlango mmoja, madirisha mawili, mfenesi hakuna.

"Kaka yako anasemaje?" nilimuuliza nikiwa nimeshika simu.

"Anasema kila kitu kiko sawa, nisihangaike. Lakini binti yake ndiye amenitumia hii, kwa siri, halafu amezima simu. Kwa nini azime?"

"Dereva angekusomea. Si ni mtu wa kwenu?"

"Yule? Mdomo wake hauna mlango. Kesho kijiji kizima kitajua."

Basi nikasoma. Nilimweleza mstari kwa mstari. Kwamba kuhama ni hiari. Kwamba maofisa watakuja kijijini kuwaandika watu. Kwamba kila aliyetimiza miaka kumi na minane ni kaya yake. Alikuwa anaitikia kwa kutikisa kichwa kulia na kushoto, ambayo kwao ni ndiyo.

Kisha nikafika mstari wa nane. Ulisema kila mtu lazima asimame mwenyewe mbele ya maofisa, na kitambulisho chake, katika wiki waliyoitaja, ambayo ilikuwa wiki ya kwanza ya Ramadhani. Asiyekuwepo atahesabiwa kuwa haishi pale, na malalamiko baadaye hayatapokelewa.

Nikamrudishia simu.

"Halas?" akauliza, yaani imeisha?

"Halas," nikasema.

Acha niseme kwa nini, hata kama hainisaidii. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa Jeddah, kwa dada yake madam. Nilikuwa mfanyakazi peke yangu nyumba ile miezi minane. Bibi mwenye nyumba hakuwa mkali, ila hakuwa na neno lolote nami zaidi ya yalla, yaani haya twende, na mafi, yaani hakuna. Nilifikia hatua ya kuiambia mashine ya kufua habari za asubuhi. Mimi tangu shule siongei na watu ovyo, mwalimu aliandika hivyo kwenye ripoti, lakini kutoongea kwa kupenda ni kitu kingine. Nilipoletwa Riyadh na kumkuta chechi, nililia chooni kwa furaha. Sasa barua ilikuwa inataka kumtoa kitandani kwake, mkono mmoja kutoka kwangu.

Na nilijua vizuri kuliko mtu yeyote maana ya mstari ule. Mama yangu alilima ndani ya msitu wa serikali. Foresta, ofisa wa msitu, anakugawia kipande kilichokatwa miti, unapanda viazi vyako huku ukitunza miche yake ya saipresi. Miti ikikua na kufunika, unahamia kipande kingine. Siku ya kugawa, kila mtu husimama kwenye kipande anachotaka kuandikiwa. Mwaka nilipoingia kidato cha nne siku hiyo iliangukia siku ya kunisajili mtihani. Mama alichomeka jembe lake kwenye udongo kama alama, akaja shuleni. Aliporudi kipande kilikuwa cha mtu mwingine.

"Jembe halina kitambulisho," foresta alimwambia.

Watu walicheka. Mama hakupata kipande tena, na ndiyo maana nilitafuta ajenti wa kunileta kazi Uarabuni.

Chechi alifurahi sana alasiri ile. Alinikaangia ndizi kwa unga wa mchele, akaniwekea kubwa zaidi. Nilizila. Zilikuwa tamu, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Asubuhi ya Ijumaa niliamka kabla yake. Nilikaa kitandani nikamngoja afumbue macho.

"Kuna mstari sikuusoma," nikamwambia. Nikamweleza wote, na wiki yenyewe.

Alikaa kitako. "Ulisahau?"

"Hapana. Sikutaka uende."

"Kaka yangu alinificha kwa sababu ya ardhi, nisidai fungu langu. Wewe je? Mimi nimekukosea nini?"

Hakupiga kelele. Alinawa uso, akafunga kitambaa, akasema neno moja tu: "Yalla."

Nilimfuata hadi sebuleni. Madam alikuwa na kahawa yake. Chechi alianza kueleza, Kiarabu kikamkwama, msitu na tembo na mjane vikachanganyika.

"Ramadhani iko mlangoni na mpishi ananiambia habari za tembo?" madam alisema. "Nani atatengeneza sambusa? Nani atapika supu ya shorba?"

Katika nyumba ile sikuwahi kufungua mdomo bila kuulizwa. Niliangalia zulia.

"Mimi, madam."

"Wewe? Wewe unaunguza hata mayai."

"Atanifundisha. Ana wiki mbili. Mama yangu alikosa shamba kwa jambo hili hili, madam. Lazima mtu asimame pale mwenyewe."

Madam alinitazama kana kwamba kiti kimeongea. Akaingia chumbani kwa mumewe, ambaye sote tulimwita baba. Tulisimama pale kitambo kirefu, chechi upande mmoja wa meza na mimi upande wa pili. Alipotoka alisema Jumapili baba ataomba viza ya kutoka na kurudi, na kwamba sambusa zikiharibika nitazila mimi zote.

Tulirudi jikoni. Chechi alimimina unga kwenye beseni, akaweka chumvi, akalisukuma mbele yangu bila kuniangalia. Niliingiza mikono nikaanza kukanda.

"Maji kidogo kidogo," alisema. Hakuniita mole.