Taa za Ukumbi wa Baba Mdogo

Miaka ile ya mgao wa umeme, baba mdogo alijenga jengo mjini Moshi: chini maduka, juu ukumbi wa sherehe. Madirisha ya ukumbi aliyaziba kwa mbao ili pafae pia kwa disko. Mimi nilikuwa nimemaliza ufundi umeme, mwanamke pekee darasani, akaniita nikague taa za dharura alizofungiwa na fundi mwingine, zile zenye betri ndani, za kuwaka umeme unapokatika.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Ona, zote zina kitaa chekundu. Nzima hizo."

Nikamweleza kwamba kitaa kile kinaonyesha tu umeme unaingia. Nguvu ya betri huijui mpaka uzime swichi kuu na kusubiri. Nikazima. Taa zikawaka, baba mdogo akatabasamu. Hatukuwa tumemaliza hata soda zetu, zikaanza kugeuka njano, kisha nyekundu kama kaa linalokufa. Ile ya ngazi za nyuma haikuwaka kabisa. Na mlango wa chini wa ngazi hizo ulikuwa na kufuli, kwa kuogopa wezi.

"Betri zimekufa," nilimwambia. "Na kufuli hili litaua watu."

"Usiniletee mkosi. Nitaagiza betri Dar."

Hakuagiza. Jumamosi moja alasiri kulikuwa na sherehe ya kumuaga binti wa jirani yetu wa Old Moshi kabla ya harusi yake. Nilialikwa, ila moyo haukutulia. Kwanza nilimbembeleza mlinzi mpaka akachoka, akanipa ufunguo wa kufuli. Nikafungua mlango, nikaenda kukaa karibu na ngazi za nyuma, tochi mkobani. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ilikuwa ndiyo inaingizwa, akina mama wakipiga vigelegele, umeme ukakatika.

Taa za dharura zikawaka. Watu wakashangilia. Mimi nilikuwa naziangalia tu zikififia. Huko chini jenereta ya jengo ilikohoa, ikanguruma, ikanyamaza. Kisha ikaja harufu ya mpira unaoungua.

Nikamwendea baba mdogo. "Tuwatoe watu sasa hivi, bado wanaonana."

"Utawatia hofu bure. Kaa."

Taa ya mwisho ilizimika tukiwa tunabishana. Moshi ukapanda kwa ngazi za mbele. Mtu akapiga ukunga, viti vikaanguka. Nikawasha tochi, nikapaza sauti kwa Kichagga: shikaneni kanga, nifuateni. Wakanifuata. Kwenye kona ya ngazi shangazi wa bibi harusi alisukumwa, nikausikia mguu wake ukivunjika, sauti kavu kama ya kijiti. Wanaume wakambeba. Tulitoka wote tukiwa hai, lakini yule mama alitembelea magongo mpaka mwisho wa maisha yake.

Kwa muda mrefu baba mdogo hakuitikia shikamoo yangu. Halafu siku moja akaja mwenyewe kwangu Rau, amebeba boksi la betri mpya.

"Njoo uzifunge," akasema. "Halafu uzime umeme. Nataka kuona."

Nilizifunga, nikazima. Taa ziliwaka vizuri, hazikufifia. Tulisubiri muda mrefu, na muda wote huo baba mdogo alikuwa amesimama kwenye mlango wa ngazi za nyuma, kiganja chake kimegandamana na ukuta.