Ndege Huyu na Ndege Hii

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Mbeya, na aibu yangu ilitokana na ngeli.

Mama yangu anakaa Mlandege, Iringa. Kwa miaka miwili alikuwa hajaniona. Si kwamba sikwenda kumsalimia. Nilikwenda, akawa ananipapasa uso tu, maana alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Siku aliyofanyiwa upasuaji alinipigia simu.

"Kesho saa nane mchana wananifungua bandeji. Uwepo, baba. Wa kwanza kumwona nataka uwe wewe."

Mke wangu akasema twende na basi la alfajiri. Basi! Mimi msomi nikafungua simu, nikaandika Mbeya na Iringa. Ikajibu: kwa ndege, dakika arobaini.

"Wewe tangulia na vumbi lako," nikamwambia. "Mimi naondoka saa saba. Saa nane kasoro niko kwa mama, shati halijakunjamana."

"Kwani kuna ndege ya kutoka hapa kwenda Iringa?"

"Simu imeandika."

"Haya. Mwenye macho haambiwi tazama."

Tiketi nikanunua humohumo kwenye simu. Juu imeandikwa Mbeya, chini Iringa. Katikati kulikuwa na maandishi madogo, sikuyasoma, mimi ambaye kila siku nawafokea wanafunzi wasome swali lote.

Sasa, uwanja wetu wa ndege, Songwe, uko upande wa kwenda Zambia. Yaani mtu wa Iringa anaanza safari kwa kuipa Iringa mgongo. Hilo nililiona, nikazidi kwenda. Kaunta, binti akaitazama tiketi yangu.

"Mwalimu, leo unashuka Dar. Unalala. Kesho ndiyo unaunganisha kwenda Iringa."

"Na hizi dakika arobaini?"

Akaisoma simu yangu, akatabasamu kwa huruma. "Hapa wamepima mstari ulionyooka tu. Huyu ni ndege mwenye manyoya, mwalimu. Siyo ndege hii yetu."

Nikasahihishwa ngeli kaunta, watu wanasikiliza.

Basi la saa hiyo lingenifikisha Iringa usiku. Ndege ingenifikisha kesho yake. Nikapanda ndege. Unauliza kwa nini? Shule nzima nilishaiaga kwamba napaa.

Tulipokwisha kupewa karanga, rubani akatangaza kwamba walio kushoto wanaweza kuiona Iringa. Watu wakachungulia. Nikatazama saa: saa nane kasoro. Kwa kweli ndege ilikuwa imewahi. Nililia, tena kwa sauti, na abiria wa jirani akanipa karanga zake.

Dar nikawasha simu. Mke wangu hata hakunicheka, akampa mama.

"Mama, nisamehe. Ulitaka unione wa kwanza."

"Nimeuliza, mtoto wa jicho ametoka, mtoto wa tumbo yuko wapi? Mkeo akasema yuko angani. Nikamwambia nesi, basi nitoe nje, unifungulie hukohuko."

"Ukaona nini, mama?"

"Si nimekuona wewe. Kadogo, keupe, mbali huko. Nimekapungia mkono, mwanangu. Kakapita."