Raba za Bi Theresia na Mtani Aliyekataa Jogoo

Bi Theresia alikwisha sema anakwenda, na neno lake likitoka halirudi ndani. Binti yake Editha na mumewe Erick, waliokuja likizo kutoka Dar es Salaam, kesho yake walikuwa wapande mlima kuanzia pale pale Bigwa, nyumbani kwa mama, waingie msituni, washinde huko, warudi jioni. Walikuwa wamepatana na kijana mmoja wa mjini, katika wale wanaotembeza Wazungu, awaonyeshe njia.

Hapo ndipo mama alipochomwa. Msitu ule alionyeshwa na mama yake mzazi, naye mama yake alionyeshwa na wa kwake. Kwa Waluguru ukoo unafuata mama, na mtoto huonyeshwa kwao na mama. Leo Editha aonyeshwe na mtu wa kukodi? Ni kweli Bi Theresia hakuwa amepanda huko tangu goti la kulia lianze vituko vyake. Lakini goti ni goti, na kwao ni kwao.

"Mama, kule ni mbali," Editha alisema.

"Mbali na wapi? Mimi ndiko nilikotoka."

"Na goti?"

"Nakwenda nalo. Nimwachie nani?"

Erick akainamisha macho, akajifanya anafunga mkoba ambao ulikwisha fungwa. Mkwe mwenye adabu haingii kati ya mama na binti yake, na adabu kijana yule alikuwa nayo, tusimsingizie.

Basi maandalizi yakaendelea. Editha akatoa maji ya chupa, katoni nzima. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, foleni za sukari zimekwisha na dukani kila kitu kipo, lakini maji ya kununua Bi Theresia alikuwa hajayazoea.

"Mnabeba maji mnayapeleka kwenye chemchemi? Vyura watawacheka."

Yeye alichemsha magimbi, akabanika kuku, akafunga vyote kwenye majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni. Editha alimletea hotipoti mpya yenye maua ubavuni. Akaikataa. Chakula kikifungiwa kwenye plastiki kinatoka jasho kama mgonjwa wa homa, na huo ndio ukweli, hata kama plastiki ina maua.

Kazi ya mwisho ilikuwa raba. Alizichagua mwenyewe kwenye mitumba ya soko la Sabasaba, akigombana na muuzaji mpaka watu wakasimama kutazama: nyeupe, soli yake ina meno kama tairi la trekta. Akazisugua kwa majivu na sabuni, akazianika kizingitini, akaingia jikoni kutazama moto. Alipotoka, kizingiti kitupu. Na uani amesimama mzee Salum, jirani yake, mstaafu wa reli, raba zinaning'inia shingoni.

Salum ni Mnyamwezi wa Tabora, na Mnyamwezi na Mluguru ni watani. Mtani akichukua kitu chako huna ruhusa ya kununa. Unakikomboa kwa kitu kingine, mnatukanana kidogo, mnacheka, yamekwisha.

"Mluguru na viatu wapi na wapi?" Salum akaanza. "Nyie mkitembea hata uwanja wa mpira mnanyanyua miguu kama mnapanda ngazi!"

"Leta viatu vyangu, Mnyamwezi we! Hata mbwa wangu anakubwekea kwa huruma."

"Vikomboe."

Bi Theresia hakupenda kushindwa, tena na Salum. Lakini safari ilikuwa kesho, na bila raba Editha angepata la kusema. Akaenda bandani, akarudi na jogoo mwekundu, yule mkubwa.

"Haya, shika, ukafie mbele."

Salum akamtazama jogoo. Jogoo akamtazama Salum.

"Sitaki kuku," akasema, sauti imepungua.

Bi Theresia akasimama pale, jogoo mkononi. Huyu mtu alikwisha mchukulia mwavuli, na siku ya harusi ya Editha alikimbia na sufuria ya pilau bado ina moto. Kuku hajapata kumkataa hata siku moja.

"Unaumwa?"

"Mzima kabisa."

"Mnyamwezi mzima hakatai jogoo. Basi umetumwa."

Macho ya Salum yalikwenda mlangoni, na mlangoni alikuwa Editha, anapangusa sahani ambayo ilikwisha kauka.

"Mama, nisamehe," Editha akasema. "Nilimwomba mimi, maana mtani humkasirikii. Ungekosa viatu ungebaki. Naogopa goti likugomee huko juu, tufanyeje?"

Bi Theresia akamwachia jogoo, akaketi kizingitini.

"Linauma. Nani kakwambia haliumi? Lakini huyo kijana wenu atakuonyesha miti tu. Pale bibi yako alipokuwa anateka maji, na mimi nimo tumboni mwake, atapajulia wapi?"

Editha akaja akaketi kando yake. Kisha akamwambia mumewe aende akamwambie yule kijana asije.

"Lakini mwendo ni wako, mama. Goti likisema basi, tunarudi."

"Likisema, nitakuwa wa kwanza kulisikia." Kisha akamgeukia Salum. "Na wewe! Utani wa kutumwa si utani, ni kibarua. Kesho unabeba kikapu. Si nyie mlikuwa wapagazi wa misafara?"

Salum alicheka mpaka akashika ukuta. "Leo nimepatikana!" Akavua raba shingoni, akamvisha Bi Theresia mwenyewe, akazifunga na kamba.

Asubuhi walipanda taratibu, Salum nyuma na kikapu kichwani, analalamika kwamba magimbi ya Kiluguru yana uzito wa reli. Bi Theresia alikuwa mbele na fimbo. Mara mbili alisimama, na mara zote mbili alisema anatazama mandhari. Migomba ikaisha, miti mikubwa ikaanza, baridi ikashuka, njia ikagawanyika.

"Mama, tunafuata ipi?" Editha akauliza.

Pumzi ilikuwa bado inamtafuta mama. Akaegemea fimbo, akasikiliza maji yalikokuwa yakilia, akainua kidevu kuelekea kijia chembamba kilichofunikwa na majani.

Editha akamshika mkono, wakaingia.