Bia Iliyochujwa kwa Matangazo

Wakati wa vita vya Wazungu nilifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Élisabethville, chumba cha kuchujia. Bia ikitoka kwenye mapipa huwa na ukungu. Sisi tuliipitisha kwenye poda nyeupe iliyotoka Ulaya, ikashuka inang'aa. Kisha meli zikaacha kuja, poda ikaisha, na Wazungu wa klabu wakaletewa bia iliyofanana na pombe ya mahindi ya wake zetu. Hilo liliwauma kuliko habari za vita.

Fundi mkuu, Mbelgiji aliyevaa koti jeupe kama daktari, akaanza majaribio. Makaa yaliyosagwa yalitupa bia ya kijivu. Udongo wa kichuguu ukatupa bia yenye harufu ya mvua ya kwanza. Mwishowe akakumbuka kwamba karatasi ikichemshwa mpaka iwe uji huchuja vizuri, akaenda kuomba karatasi kuukuu katika ofisi za Bulamatari, yaani serikali.

Wakatuletea mzigo mzima wa matangazo. Mimi nilisomeshwa na mapadri, nikachukua moja nikasoma. Lilikuwa lile la kuwakataza wanawake wa site, mtaa wetu sisi weusi, kupika pombe nyumbani. Siku chache kabla, polisi walikuja kwangu nalo mkononi, wakavunja chungu cha mke wangu, wakamwaga pombe yote uani. Kuku wetu walipepesuka mpaka jioni.

"Wewe hapana soma!" fundi akanifokea. "Chemsha!"

Nikachemsha. Nikausuuza ule uji mara sita ili wino utoke, nikaushindilia kwenye mashine. Bia ikashuka safi kama machozi.

Jumamosi nikafuatana na fundi kupeleka kreti za kwanza klabuni. Mkubwa wa wilaya, ndiye aliyetia sahihi matangazo yale, akainua gilasi juani, akanywa, akafumba macho kwa raha. Kisha akanigeukia.

"Na wewe, ulionja?"

"Hapana, Bwana. Niliisoma tu."

Fundi akapaliwa. Mkubwa akacheka, akanieleza polepole kwamba kwa Kiswahili kizuri husemwa "niliiona". Nikamshukuru.

Nyumbani, mke wangu hakucheka.

"Banavunja chungu yangu juu ya karatasi, na ile karatasi iko inabasafishia pombe yabo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi na miye uniletee."

Nikaficha donge la uji ule kwenye mfuko wa chakula. Akaazima chungu kwa jirani, akapika, akachuja. Pombe ikatoka nyeupe, nyepesi, nzuri kutazama. Jirani yetu, mtu wa reli, akaonja, akaweka kikombe chini kwa heshima.

"Mama, hii iko mayi ya kusukutua meno. Unga iko wapi?"

Mke wangu akalitupa donge, akarudia kikapu chake cha kuchujia.

Kiwandani, matangazo yaliisha. Fundi akaomba mengine. Ofisi haikuwa na makuukuu tena, ikachapa mapya. Nusu ilibandikwa site, nusu ikaja kwetu moja kwa moja, wino ukitushika vidole. Mimi kila Jumapili, mke wangu akipika, nilikaa mlangoni kumchungia polisi, nikikohoa kila nilipoona kofia yao nyekundu.