Rangi Nyekundu Kwenye Mvule wa Mama

Amri ya meya ya kulinda miti mikubwa ya mtaa wetu niliitafuta mimi, na sioni haya kusema hivyo. Nilirudi Kalemie na diploma ya misitu ambayo hakuna mjomba wala padri aliyenilipia. Niliipata kwa kuuza ndagala, wale dagaa wetu, Kigoma ng'ambo ya ziwa asubuhi na kusoma jioni. Wengine walirudi na viatu vipya tu.

Mti ulioninyima raha ni mvule ulio juu ya nyumba ya mama, pale mvua inapoukata mlima na kuchimba korongo. Kila masika korongo lilisogea, na mizizi ya mvule ndiyo iliyolizuia lisifike jikoni kwake. Nilizunguka ofisini, nikaeleza, nikafukuzwa, nikarudi. Mwishowe meya akatia sahihi: miti mikubwa, mvule ule ukiwa wa kwanza, isikatwe hata tawi.

Siku ileile nilipanda na kopo la rangi nyekundu, nikauzungushia pete nene kwenye shina. Nilitaka hata anayepita barabara ya chini auone. Nikashuka kwa mama, nikamsomea amri kwa sauti, majirani wakisikia.

Kesho yake nikiwa kazini jirani mmoja wa barabara ya chini, ambaye hakuisikia amri, akanipigia simu.

"Papa, kama unataka kuni za ule muti, kuya mbio. Watu bamejaa."

Nilipanda mlima na viatu vya ofisi. Watu kutoka mitaa ya juu walikuwa wamechimba upande wa korongo, wanakata mizizi ya kuchoma makaa. Nikapiga kelele kwamba mti unalindwa na sheria.

"Sheria gani, Papa?" Mama mmoja mwenye panga alicheka. "Alama nyekundu tunaijua. Mununuzi wa mbao akipaka, muti umeisha kuuzwa. Mashini ikikuja, siye tutabakia na vumbi."

"Aliyepaka ni mimi!"

"Ah! Kumbe ni weye uliuzisha! Na feza yetu ya soda iko wapi?"

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Desturi hiyo ilianza nikiwa ng'ambo ya ziwa: mti ukipakwa nyekundu, watu huwahi kuchukua chao kabla ya msumeno. Na mimi nilikuwa nimewapigia mbiu.

Niliisoma amri tena, nikawaeleza korongo linaelekea nyumba ya nani. Kuongea najua, mashoka yakashuka. Lakini mizizi ya upande ule ilikuwa imekwisha kuingia kwenye magunia.

Niliposhuka, mama yangu alikuwa mlangoni, mikono ina unga wa muhogo.

"Mama, hamia kwangu kabla mvua haijaanza."

"Kwa nini? Ile karatasi si inalinda muti?"

"Inalinda, lakini…"

"Ulinisomea hapa, majirani bote banasikia. Nikihama leo, batasema nini juu ya amri ya mutoto wangu?"

Akarudi kwenye unga wake.

Sasa wingu likisimama juu ya ziwa, naacha kazi. Napanda, nashindilia udongo, napanga magunia ya mchanga mahali palipokuwa na mizizi, nashuka, halafu napanda tena kwa sababu nahisi nimesikia kitu. Jana mama aliniita kutoka jikoni akauliza natafuta nini huko juu kila saa.

Nilimwambia nakagua mti wa serikali.